Utando Mwekundu Kwenye Maji ya Samaki

Habari za Tunduma mjini, habari za Mpemba, Vwawa na Mlowo. Mlioko Itumba kule Ileje, mlioko Mkwajuni, mlioko Kamsamba karibu na Ziwa Rukwa, natumaini mmerudi salama toka shambani na mifugo imeshaingia zizini. Na ndugu zetu wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, ambao redio zenu hazisimamishwi forodhani, karibuni nanyi. Madereva mlio kwenye foleni ongezeni sauti kidogo. Leo ni mambo ya samaki, na nyie muda mnao.

Jambo la leo ni utando mwekundu. Umewahi kuuona? Ni utando wenye ute, rangi yake damu ya mzee, wakati mwingine unaelekea zambarau. Unatanda juu ya mchanga na mawe ndani ya tangi la samaki, hasa yale matangi ya vioo yenye maji ya chumvi, yenye samaki wa baharini. Mwenye tangi anausafisha Jumamosi, Jumatano umerudi. Anausafisha tena, umerudi tena. Mwishowe anachukia tangi, anawachukia na samaki wenyewe.

Najua kuna mtu hapo anasema: mtangazaji, sisi na bahari wapi na wapi? Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900 za lami. Kweli kabisa. Matangi ya maji ya chumvi utayakuta zaidi Dar, Zanzibar na Mombasa, kwenye mahoteli na majumba ya wenye nafasi. Huku kwetu juu, ukikuta kioo cha samaki kwenye mapokezi ya gesti, mara nyingi ni maji baridi. Lakini nina sababu mbili za kulileta jambo hili hapa.

Ya kwanza, biashara ya samaki wa mapambo si ngeni kwa upande huu wa nchi. Samaki wadogo wa mawe wa Ziwa Nyasa, wale mbuna, wamo kwenye vioo vya watu Ulaya na Marekani, na kwa jina hilohilo la mbuna. Wa Ziwa Tanganyika wanasafirishwa kutoka Kigoma, na kutoka Mpulungu hapo Zambia. Mtoto wa Ujerumani anamjua samaki wa Tanganyika kwa rangi na kwa tabia, wakati sisi tunamjua kwa kitoweo tu. Na kule pwani, Kenya wana biashara ya siku nyingi ya kuuza nje samaki wa mapambo wa baharini. Kwa hiyo kijana wa Tunduma anayetaka kujifunza kazi hii asichekwe.

Ya pili ndiyo kubwa. Kinachotanda kwenye kioo cha tajiri wa Masaki kule Dar ni ukoo mmoja na kinachotanda kwenye bwawa la perege la mkulima wa Mbozi, na ni ukoo huohuo unaoweza kuua ng'ombe anayekunywa lamboni. Ukiuelewa kwenye tangi dogo, unauelewa hata kwenye lambo. Na tangi dogo lina faida moja: linakuonyesha makosa yako haraka, tena kwa rangi.

Haya, tuanze kwenye kioo. Unautambuaje utando huu usije ukauchanganya na mwani wa kawaida? Uangalie mara mbili kwa siku. Asubuhi, kabla ya kuwasha taa, mchanga unaweza kuonekana karibu msafi, ukadhani mambo yamekwisha. Njoo saa nane mchana. Utando umetanda, na juu yake kuna vipovu vidogo vya hewa, vimenata, vinameta. Vingine vinavimba mpaka vinaubandua utando, kipande kinaelea juu kimebeba vipovu vyake. Sasa ingiza kidole au kijiti uuvute. Unabanduka vipande vipana, kwa wepisi, kwa sababu haukushika jiwe. Mwani wa kijani, ule wenye nywele, ukiuvuta unakataa; umeng'ang'ania. Huu mwekundu hauna mashiko. Na ukiutoa nje unanuka, harufu ya tope bichi.

Vile vipovu ni oksijeni. Utando huu unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kama majani yanavyofanya, na kwa sababu hiyo watu wengi wanauhesabu kuwa mwani. Lakini si mwani, ni bakteria. Wataalamu wanawaita sayanobakteria. Wengi wao wana rangi ya kijani inayoelekea buluu. Hawa wetu wana rangi nyekundu ya ziada inayowasaidia kunasa mwanga. Ni viumbe wa kale mno. Oksijeni ya kwanza kujaa kwenye anga la dunia, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, wao ndio walioitoa. Kwa hiyo, msikilizaji, unapokaa mbele ya tangi lako umekunja uso, ujue unapigana na wazee. Wamepita kwenye joto, kwenye barafu, kwenye magadi. Hawatamalizwa na brashi ya mswaki.

Sasa swali la msingi: kwa nini wamekuja kwako?

Sikiliza vizuri hapa, maana jibu hili ndilo nitakalolirudia jioni yote. Wamekuja kwa sababu kinachoingia kwenye maji ni kingi kuliko kinachotoka. Watu wa Tunduma sihitaji kuwaeleza sana. Malori yakiingia kutoka upande wa Mpemba kwa kasi kuliko yanavyoruhusiwa kuvuka kwenda Nakonde, kinatokea nini? Foleni. Utafukuza madereva, utapiga honi, utaita trafiki, foleni itabaki palepale mpaka hesabu ya kuingia na kutoka ikae sawa. Utando mwekundu ni foleni ya chakula ndani ya maji. Chakula kimeingia, hakikutoka, kimejipanga, na bakteria wamekikuta.

Chakula gani? Unga wa dagaa unaowarushia samaki. Samaki anakula, anajisaidia, na kingine kinapita pembeni kinazama nyuma ya jiwe kinaoza. Humo mna naitreti na fosfeti, vilevile vilivyomo kwenye mfuko wa mbolea unaoununua msimu wa kupanda. Mkulima akiweka mbolea anategemea kitu kiote. Wewe umeweka mbolea kwenye tangi, kimeota. Umeshangaa nini?

Na hawa bakteria wana ujanja mmoja zaidi. Baadhi yao wanaweza kuchukua naitrojeni moja kwa moja kutoka kwenye hewa iliyoyeyuka majini. Maana yake hata ukipunguza naitreti peke yake, kama fosfeti imebaki, wao bado wana cha kula wakati mwani wa kawaida unakufa njaa. Utamkuta mtu amepima maji, kipimo cha naitreti kinasoma sifuri, anajisifu, na utando umejaa tele. Tatizo lake ni fosfeti, na fosfeti inakuja na chakula. Tunarudi palepale: kinachoingia.

Basi tufanye nini? Nitakwenda polepole. Mwenye kalamu achukue kalamu.

Anza na mkono wako mwenyewe, ule unaolisha. Samaki wa tangini anashiba upesi. Mrushie kidogo, hesabu dakika mbili. Kilichobaki baada ya hapo hakikuwa cha samaki, kilikuwa cha utando. Kama mnakaa watu wengi nyumbani, kubalianeni nani analisha, maana mara nyingi baba analisha asubuhi, dada analisha mchana, mtoto akitoka shule analisha tena kwa sababu samaki wamekuja kwenye kioo wanapiga midomo. Samaki atakuja kwenye kioo hata kama ameshiba. Hiyo ndiyo tabia yake, asikudanganye. Mwenye gesti, wageni wako wakatazwe kutupia samaki makombo ya chipsi.

Halafu toa ulichoweza kutoa kwa mkono. Usikwangue tu, kwa sababu ukikwangua unausambaza. Chukua mpira mwembamba, unyonye maji kutoka tangini kwenda kwenye ndoo iliyo chini, na ncha ya mpira uipitishe juu ya utando. Unaingia wote, unateleza ndani ya mpira kama ulikuwa unangoja. Mchezo wa kunyonya kwa mpira sidhani kama nahitaji kuufundisha kwenye mji wa malori. Fanya hivyo saa za mchana, wakati utando umekusanyika na kuvimba, si alfajiri ambapo umejificha mchangani. Kwa kazi hiyo moja umetoa utando, umetoa na maji machafu. Sehemu ya tano ya maji kwa wiki inatosha. Maji hayo ya chumvi usimwagie mchicha, utaukausha.

Kisha unarudisha maji mapya. Hapa kwenye maji ya chumvi ndipo watu wengi wa bara wanapokwama. Mtu anasema, si chumvi tu? Naweka chumvi ya mezani. Hapana. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, lakini ndani yake si chumvi ya ugali peke yake. Mna magnesiamu, kalsiamu, na vingine vingi ambavyo samaki wa bahari na matumbawe hawaishi bila hivyo. Inanunuliwa chumvi maalumu ya matangi, unaikoroga kwenye ndoo safi, unaiacha na pampu ya hewa usiku kucha ndipo unaitumia. Hakuna njia ya mkato. Na maji ya kukorogea yawe safi kuanzia mwanzo. Maji ya kisima kilicho karibu na choo yanaweza kuwa na naitreti tayari kabla hujaweka chochote. Maji ya bomba yaache yakae kwenye ndoo wazi siku nzima, klorini itoke. Maji ya mvua ni mazuri, lakini acha mvua za kwanza zioshe vumbi la bati, na bati lenyewe lisiwe linachuja kutu wala rangi, kwa sababu zinki inayotoka kwenye bati ni sumu kwa konokono na kamba. Wenye uwezo wana mashine za kuchuja maji mpaka yabaki maji matupu. Hao wana bahati.

Kuna jambo dogo linalowaponza wengi, nalisema mara moja. Maji yakipungua kwenye tangi kwa kukauka, yaongeze kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Yanayopaa ni maji. Chumvi imebaki ndani. Ukiongeza maji ya chumvi kila siku, baada ya mwezi unafuga samaki kwenye kachumbari.

Tuko pamoja? Tumepunguza kinachoingia, tumetoa kilichojaa. Sasa maji yatembee. Utando mwekundu unapenda pembe zilizotulia, nyuma ya jiwe, chini ya kona ambayo pampu haifiki. Angalia tangi lako: ulipoanzia utando ndipo maji yamelala. Geuza mdomo wa pampu ulenge pale. Wakati mwingine kugeuza pampu vidole vitatu kushoto kunafanya kazi ambayo dawa ya pesa nyingi imeshindwa. Wenye kifaa cha kukamua povu, kile kinachokamua uchafu kabla haujaoza, wakisafishe kikombe chake kila siku chache. Kikombe kikijaa hakikamui kitu.

Na taa. Kioo kisikae mkabala na dirisha la magharibi. Taa saa nane kwa siku zinatosha. Wengi wetu tunaiwasha tunapoamka na kuizima tunapolala kwa sababu tangi linapendeza. Wapo wanaofunika tangi kwa blanketi siku 3 mfululizo, giza totoro, utando unakonda na kupotea. Inafanya kazi, sikatai, na samaki na matumbawe wanavumilia giza hilo. Ila pampu ya hewa isizimwe hata dakika moja, kwa sababu utando unaokufa unaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Na sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi na maji yanashika oksijeni kidogo kuliko ya Dar. Ukijua umeme wenu unakatika, usifunike tangi wiki hiyo. Na ukifunua blanketi bila kurekebisha ulishaji, utando utarudi.

Sasa tuje kwenye dawa, maana najua ndiko mlikokuwa mnangoja.

Kwa vile hawa ni bakteria, kuna dawa za kuua bakteria zinazowaua. Inayotumika sana kwa kazi hii ni erithromaisini. Ndiyo, hiyohiyo unayoandikiwa hospitali ukiwa na kifua. Ukiweka tangini, baada ya siku mbili tatu mchanga unang'aa. Watu wanapigwa na butwaa. Mimi siipendi, na nitasema kwa nini. Ndani ya tangi kuna bakteria wengine, wema, wanaokaa kwenye mchanga na kwenye kichujio, wanaogeuza mkojo wa samaki kutoka amonia yenye sumu kuwa naitreti isiyo kali. Dawa inaweza kuwagusa na hao. Ukiwapunguza, amonia inapanda, samaki wanakufa kwenye maji meupe kabisa, na mwenyewe unabaki unashangaa. Pili, utando wote unakufa kwa pamoja na kuoza kwa pamoja. Oksijeni inashuka usiku mmoja. Tatu, maji hayo yenye dawa unayamwaga wapi? Mtaroni. Bakteria wa mtaroni wanajifunza kuizoea dawa, na kesho mtoto wa jirani anaugua, anapewa dawa ileile, haifanyi kazi. Tumeshazoea kununua vidonge dukani kama pipi; tusianze kuvinunulia na samaki. Na baada ya yote hayo chakula bado kimo tangini. Foleni hujaigusa.

Dawa nyingine ambayo mkulima wa Mbozi ataifikiria haraka ni mrututu, au zile dawa za kopa tunazopulizia kahawa. Kopa inaua ukoo huu, ni kweli, na duniani kuna mabwawa yaliyotibiwa hivyo. Lakini kwenye tangi la maji ya chumvi kopa ni msiba: konokono, kamba, matumbawe, wote hawaivumilii, na ikishaingia kwenye mawe inakaa inatoka kidogokidogo kwa muda mrefu. Kwenye bwawa inapasua vile viumbe kwa mkupuo, na kama walikuwa na sumu ndani yao, sumu yote inamwagika majini siku hiyohiyo. Mrututu ubaki kwenye mibuni.

Nimetaja bwawa. Sasa tutoke kwenye kioo, twende Mbozi.

Mkoa wetu wa Songwe, tangu ulipokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umejulikana kwa mahindi na kahawa, na mpaka. Lakini mabwawa ya samaki yapo kwenye mabonde, ya perege na kambale, mengi yamechimbwa kwa jembe pembeni ya kijito. Juu ya bwawa ni shamba. Shambani umeweka mbolea ya kupandia, umeweka ya kukuzia, mvua kubwa imekuja, sehemu ya mbolea imeshuka bondeni. Msimu wa kahawa kuna maji ya kuoshea kahawa mbivu, matamu, mazito, yanaachiwa kwenye kijito hichohicho. Halafu na wewe mwenyewe umefundishwa kuweka samadi bwawani ili maji yawe ya kijani, perege wapate chakula. Mafunzo hayo ni sahihi. Ila ukijumlisha samadi yako, na mbolea ya jirani wa juu, na maji ya kahawa, na pumba unazorusha, kinachoingia ni kingi kuliko kinachotoka. Unaiona? Ni hesabu ileile ya tangini, isipokuwa hapa walishaji ni kijiji kizima.

Utajuaje kwamba maji yamezidi? Kuna kipimo cha wafugaji cha siku nyingi. Zamisha mkono, kiganja kikiangalia juu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, maji yamezidi rutuba, acha samadi. Kikionekana wazi hata maji yakipita kiwiko, rutuba ni ndogo. Lakini kama juu ya maji kuna utando mzito, rangi yoyote, usizamishe mkono wako. Tumia sahani nyeupe uliyoifunga kwenye kijiti, ni kipimo kilekile. Ngozi inaweza kuwasha.

Na si kila wekundu wa bwawani ni huu wa leo. Kuna wekundu wa kutu, unaotokea mahali maji yanapochuruzika kutoka ardhini, na juu yake unaona kama mafuta ya dizeli yanametameta. Chukua kijiti uguse utando huo. Utando ukivunjika vipande vipande na visirudi kuungana, ni bakteria wa chuma, hawana ubaya. Utando ukizunguka na kujifunga tena, basi hayo ni mafuta kweli, mtafute mwenye gereji huko juu. Kuna na wekundu mwingine, kama unga uliomwagwa juu ya maji, mwekundu jua likiwa kali na kijani jioni. Huo ni kiumbe mwingine kabisa, lakini naye anaota kwa sababu ileile, na baadhi ya jamii yake ina sumu kwa samaki. Dawa yake ni ileile: punguza kinachoingia.

Mwenye bwawa, dalili yako kubwa haipo kwenye rangi. Ipo alfajiri. Amka saa kumi na moja, kabla jua halijatoka, uende bwawani na tochi. Perege wakiwa wamepanga midomo juu ya maji wanahema, oksijeni imekwisha. Mchana ule utando ulitengeneza oksijeni. Usiku unaivuta yenyewe, pamoja na samaki, pamoja na tope linalooza, na saa hiyo ya kabla ya mapambazuko ndiyo mbaya kuliko zote. Siku ya mawingu mazito ya Januari ni mbaya zaidi. Ukiwakuta hivyo, usiwape chakula siku hiyo. Fungulia maji mapya yaingie kwa kudondoka kutoka juu ili yachanganyike na hewa, toa maji ya chini yenye tope. Kama huna mfereji, watie vijana majini na ndoo wayapige maji. Ila kama kuna utando mzito, vijana wabaki ukingoni wapigie kwa ndoo kutoka huko.

Sasa nizungumze na wafugaji wa ng'ombe wa Momba, na mtu yeyote anayechota maji ya lambo. Hapa sicheki.

Baadhi ya ndugu wa huu utando wanatengeneza sumu. Si wote, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Mwaka 2004 heroe wengi, wale flamingo, walikufa Ziwa Manyara na Ziwa Momela Kubwa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipochunguza waliona sayanobakteria kuwa chanzo kinachowezekana cha vifo vile. Ajabu ni kwamba chakula cha kila siku cha heroe ni kiumbe wa ukoo huohuo, yule spirulina ambaye siku hizi anauzwa unga kwenye makopo kama lishe. Ndugu mmoja ni chakula, mwingine ni sumu. Mwaka 2020 kule Botswana, kwenye eneo la Okavango, tembo zaidi ya 300 walikufa, na serikali ya Botswana ikatangaza kuwa chanzo ni sumu ya sayanobakteria kwenye madimbwi. Madereva wetu wanaokwenda kusini wanalijua joto la kule na madimbwi yanavyopungua kiangazi. Kama tembo anaanguka, ndama wako je? Na Ziwa Victoria, upande wa Mwanza na kwenye Ghuba ya Winam huko Kisumu, maji yanageuka rangi ya kijani kwa hawahawa, kwa ajili ya mbolea, udongo na majitaka yanayoshuka ziwani.

Kwa hiyo, baba, mama, ukiona lambo lina utando kama rangi iliyomwagika, mzito, umesukumwa na upepo ukingoni, usinyweshee mifugo upande huo, na mtoto asioge hapo. Mbwa ndio wanaotangulia kuonyesha, kwa sababu wanakunywa ukingoni na kulamba manyoya yao. Na hili lisikike vizuri: kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara, ni kuzuri, endeleeni. Lakini sumu hii haifi kwa kuchemshwa, na ukichemsha viumbe wenyewe wanapasuka wanaiachia zaidi. Maji ya namna hiyo si ya kunywa, basi. Tafuta mengine, na umwambie mtendaji wa kijiji ili wataalamu wa maji wafike kupima. Najua kwa watu wa Tunduma, ambao dumu la lita 20 ni hela, neno "tafuta mengine" ni rahisi kwangu mimi niliyekaa mbele ya kipaza sauti. Bado nalisema.

Nirudi kwenye kioo kwa swali moja la mwisho, kwa sababu najua mtaniuliza: utando utaondoka lini?

Si kesho. Ukipunguza ulishaji leo, ukanyonya kila wiki, ukageuza pampu, tegemea wiki ya kwanza usione tofauti yoyote. Chakula kilichojificha mchangani na ndani ya mawe bado kinatoka. Wiki ya pili au ya tatu utaona utando unaanza kuwa mwembamba, unabaki kwenye ile kona moja ya ukaidi. Usiongeze samaki wapya kipindi hicho hata ukikuta mzuri kiasi gani. Halafu siku moja utaona mawe yameanza kuota nywele fupi za kijani, na utataka kupiga kelele kwamba balaa jipya limeingia. Usipige. Hizo za kijani konokono wanazila na samaki wengi wanazidonoa, wakati ule ute mwekundu wengi wao wanaupita bila kuugusa. Zikishaonekana, nunua konokono wawili watatu, uwaachie kazi.

Wasikilizaji wa Tunduma na Songwe yote, muda wetu umekwisha. Mwenye bwawa asisahau tochi ya saa kumi na moja. Usiku mwema.